Nani Atashuka Naye?

Mizani yenyewe ilikuwa ya kupimia viazi. Mama mmoja mwenye kibanda sokoni alituazima Jumamosi moja ya Julai 2014, tukaining'iniza kwenye tawi la mjakaranda nyuma ya maabara ya shule. Wanafunzi 12 wa kidato cha tatu, wasichana sita na wavulana sita, wakapanga foleni na mikoba yao mgongoni kama wakulima waliofikisha mazao. Msichana mwembamba kuliko wote, binti wa huyo mama wa viazi, alikuwa na kilo 44. Mkoba wake ulivuta mshale hadi 17.

"Fungua," nikamwambia.

Suruali mbili za jinzi. Blanketi. Chupa ya mafuta ya kupikia. Kopo kubwa la siagi ya karanga, na Biblia yenye jalada gumu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna atakayebeba zaidi ya robo ya uzito wake, kwa hiyo yeye mwisho wake ulikuwa kilo 11. Jinzi zikatoka kwanza, maana jinzi ikilowa huko juu mlimani utakauka wewe kabla yake. Blanketi likafuata, kwa kuwa mifuko ya kulalia tungeikodi Nanyuki. Biblia aliishika kwa muda. Mwenzake akamwambia, "Mimi nina Agano Jipya dogo, tutasoma pamoja." Akaiweka kando, akaning'iniza mkoba tena. Kumi na tatu. Tukaanza upya.

Tulikuwa tunajiandaa kupanda Mlima Kenya likizo ya Agosti, kuingia kwa lango la Sirimon upande wa Nanyuki, kufika kilele cha Lenana chenye mita 4,985, kisha kuteremka upande wa pili kwa njia ya Chogoria. Kila mtu angebeba mzigo wake. Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa chama cha wapanda milima, na tangu Februari ramani ilikuwa ukutani darasani, imejaa alama za penseli.

Mpango wa kwanza waliutunga wenyewe, na niliwaacha wautunge. Ulikuwa wa siku tano. Usiku wa kwanza kambi ya Old Moses, mita 3,300. Usiku wa pili kambi ya Shipton, mita 4,200. Alfajiri ya siku ya tatu wako kileleni. Kwenye karatasi ulipendeza sana. Nahodha wa chama, kijana mrefu aliyekimbia mita 5,000 kwa ajili ya shule na ambaye sikuwahi kumwona akihema, ndiye aliyeusimamia mbele ya wenzake. Hoja yake ilikuwa pesa. Ada ya hifadhi hulipwa kwa kila mtu kwa kila siku, na kila siku unayoongeza ni chakula cha watu wote mgongoni.

Nikawaambia nataka siku saba. Usiku mmoja zaidi katikati, Liki North, karibu mita 4,000, na usiku wa pili palepale Shipton bila kwenda popote isipokuwa matembezi mafupi ya kupanda na kurudi.

"Siku nzima tumekaa tu, Mwalimu?"

Siku nzima. Niliwaeleza kwamba ukishapita mita 3,000 hivi, mwili unahitaji muda wa kuzoea hewa nyepesi, na kwamba kinachoangaliwa hasa ni pale unapolala usiku, kuliko pale ulipofika mchana. Walinisikiliza kwa adabu, lakini niliona hawakuamini. Ndipo nikawasimulia jambo ambalo sikuwa nimewaambia. Mwaka 2009 nilipanda mlima huohuo na marafiki, watu wazima, kwa haraka. Usiku wa kupanda kilele, mmoja wetu alianza kuyumba kama mlevi. Ukimuuliza jina la mkewe, anafikiri kwanza. Tulimshusha gizani tukimshika mikono huku na huku, na hadi leo nikikumbuka ile changarawe inavyoporomoka chini ya miguu yetu, moyo unanienda mbio. Alipona. Siku saba zikapita kwa kura tisa dhidi ya tatu.

Siku mbili zilizoongezeka ndizo zilizotufanya tuhesabu kila punje. Kuni haziruhusiwi ndani ya hifadhi, kwa hiyo mafuta ya taa nayo yalikuwa mzigo. Nahodha alitaka githeri iwe chakula cha jioni, na ni nani wa kumlaumu, sote tumelelewa na githeri. Lakini msichana mmoja aliyependa Fizikia akasimama, akaandika ubaoni kwamba maji hayasubiri nyuzi 100 huko juu. Kila ukipanda mita 300 hivi yanapungukiwa na nyuzi moja, kwa hiyo Shipton yanachemka kwenye kama 86. "Maharagwe yatachemka usiku kucha na asubuhi yatakuwa bado yanagonga sufuria," alisema. Githeri ikafutwa. Badala yake wakaandika uji wa wimbi, tambi, omena, karanga, mayai ya kuchemsha na chapati za siku mbili za kwanza. Nahodha alikubali, ila alikunja uso wiki nzima.

Jioni nyingine niliwasimulia habari za wale wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliotoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 ili tu wapande mlima, kisha wakarudi kambini wenyewe. Niliichagua kwa sababu ya maandalizi yao. Walijiwekea akiba ya chakula kidogokidogo kutoka posho ya kambini na wakajitengenezea vifaa kwa mikono. Vijana walipenda bendera ambayo wafungwa hao waliisimika Lenana. Waliofika pale walikuwa wawili, Benuzzi na Balletto. Wa tatu, Barsotti, aliugua akabaki kwenye kambi yao ya chini. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza habari za Barsotti, na mimi pia nilimpita haraka.

Wiki moja baada ya siku ya mizani tulikutana na wazazi. Nilijiandaa vizuri. Nilibandika ramani, nikaonyesha orodha ya vyakula na bajeti. Wazazi waliuliza habari za nyati, baridi na nguo. Yule mama wa viazi alikaa nyuma, hakusema neno mpaka watu walipoanza kukusanya mikoba yao. Akainua mkono.

"Mwalimu, nimeelewa yote. Sasa huyu wangu akizidiwa huko juu, nani atashuka naye? Na hao wengine watabaki na nani?"

Mpango wangu ulikuwa na watu wazima wawili, mimi na kiongozi mmoja wa mlima. Nikafungua kinywa nijibu, nikajiona nikipiga hesabu palepale mbele yao. Kiongozi akishuka na mgonjwa, nabaki na watoto 11 kwenye mlima ambao yeye ndiye anayeujua. Nikishuka mimi, yeye anabaki na watoto ambao hajui hata majina yao. Miezi mitano ya kupima omena kwa gramu, na swali hilo halikuwa popote kwenye daftari letu.

"Mama, sina jibu leo," nikamwambia. "Nipe wiki mbili. Nikikosa jibu, hatuendi."

"Nashukuru kwa kusema hivyo," akajibu.

Vijana ndio waliolitafuta jibu. Walichukua daftari jipya wakachora jedwali lenye mstari mmoja kwa kila usiku: tukiwa hapa, mgonjwa atateremka njia gani, atakwenda na nani, gari litampokea wapi. Mpaka Shipton, kushuka ni Sirimon, na njia ya gari inafika Old Moses. Tukishavuka Lenana, kushuka ni Chogoria. Jedwali lilidai watu wazima wanne. Mwalimu wa Jiografia, mwanamke mwenye miguu imara kuliko yangu, alikubali kuja. Kiongozi wa pili alihitaji malipo, wakauza mandazi wakati wa mapumziko kwa majuma mawili, na wazazi wakajazia kwa harambee ndogo. Waliandika pia maswali ya kila asubuhi: kichwa kinauma? Umekula? Umelala? Halafu kila mtu atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole. Chini kabisa wakaandika kwamba anayeambiwa ashuke anashuka, awe nani, bila kupigiwa kura, na wote 12 wakatia sahihi. Niliupeleka ukurasa huo kibandani kwa yule mama. Aliusoma kwa kidole, polepole, mstari kwa mstari, halafu akautia sahihi na yeye.

Safari yenyewe sina haja ya kuisimulia yote. Tulinyeshewa siku ya pili na mikoba yote ikanusa mafuta ya taa. Asubuhi ya siku ya nne, siku ileile ya "kukaa tu" pale Shipton, jua likiwa limeshapiga kuta za Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, juu yetu, nahodha hakumaliza uji. Kichwa kilikuwa kimemuuma usiku kucha, hakusema. Akatapika nyuma ya jiwe. Kwenye mstari alikosea hatua mara mbili.

Kungekuwa mpango wa siku tano, asubuhi kama hiyo angekuwa gizani kwenye changarawe, na nguvu zake zingemficha mpaka pabaya. Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi na jedwali lilikuwa mfukoni mwangu. Mwalimu wa Jiografia alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake.

Kijana alikaa juu ya jiwe akalia bila sauti. Niliinama mbele yake. Sikuwa na la kumwambia ambalo hakuwa amelitia sahihi mwenyewe.

"Basi mimi ndiye Barsotti," akasema.

Wenzake waligawana chakula alichokuwa amebeba, mmoja akamfungia kamba za buti. Waliteremka watatu, yeye, mwalimu na kiongozi wa pili, na kila walipopotea nyuma ya mimea mirefu ya lobelia wasichana walipunga mikono mpaka waonekane tena. Jioni ujumbe ulipita kwa simu ya kiongozi wetu: wamefika Old Moses, gari limewapokea, kichwa kimepoa, amekula.

Kumi na moja waliosalia walifika Lenana kesho yake jua likichomoza. Nilifika nyuma yao.

Siku ya saba, miguu ikituwaka moto, tuliingia mji wa Chogoria. Nahodha alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya hoteli ndogo, amezunguka kwa matatu kupitia Meru pamoja na mwalimu, na pembeni yake kulikuwa na sufuria kubwa iliyofunikwa kwa sinia. Hakutusalimu kwanza. Alitungoja tutue mizigo, akafunua. Githeri ilikuwa inatoa moshi, maharagwe yameiva mpaka yamepasuka.