Meno ya tairi, lami na vumbi

Jumamosi jioni

Tairi la nyuma limekwisha. Meno ya katikati yamelika hadi yakabaki alama tu, ilhali ya pembeni bado yana makali. Ukiliangalia unajua mara moja mwenye baiskeli anapita wapi: lami ndefu iliyonyooka, halafu kipande cha njia ya vumbi chenye mizizi na changarawe. Wiki nzima nimekuwa nikiwaza niweke nini badala yake.

Ushauri ninaousikia zaidi ni wa kupiga hesabu: ikiwa sehemu kubwa ya safari ni lami, chukua tairi laini, lisilo na meno. Mimi sikubali. Lami itakuchosha kidogo tu, lakini kona yenye mchanga itakuangusha. Naanza na mahali pabaya kuliko pote katika njia yangu, nijue pale panataka nini, ndipo nijiulize niko tayari kuvumilia kiasi gani cha uzito wa kubingiria kwenye lami.

Na uzito huo upo kweli. Bonyeza jino refu la tairi kwa kidole gumba, usukume pembeni: linalala, ukiachia linarudi. Barabarani kila jino hufanya hivyo linapogusa lami, na nguvu ya miguu yako inapotelea humo kama joto. Ule mvumo unaousikia ukiongeza mwendo ndio meno yakigonga lami moja baada ya jingine. Ukilaza baiskeli kwenye kona ya lami, meno marefu ya pembeni hupinda kabla ya kushika, na unahisi baiskeli ikiyumba kidogo. Kwenye udongo, jino lilelile linazama na kung'ang'ania, na hapo unalishukuru.

Wengi huamini kashata, yaani hayo meno, inasaidia kwenye lami yenye maji, kama kwenye gari. Kwa baiskeli si hivyo. Tairi lake ni jembamba na la duara, na kwa mwendo wetu wa kawaida linayasukuma maji kando lenyewe. Kinachoshika lami iliyolowa ni mpira kugusa ardhi, na tairi laini linagusa zaidi. Meno ni ya ardhi inayoachia: mchanga, matope, majani. Tena hata huko hayafanani. Yaliyoachana hutema matope, yaliyobanana huyabeba mpaka gurudumu lote likawa duara la udongo. Ardhi ngumu yenye vumbi juu inataka mafupi, ya karibu karibu.

Lakini kinachonipa utulivu zaidi kuliko meno ni upana na upepo. Tairi pana lenye upepo wa wastani hufuata mawe badala ya kuyarukia. Nimeamua 40-622, yaani upana wa milimita 40 kwa rimu yenye kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa, ambayo wengine huiita 700C. Kusoma namba ubavuni hakutoshi, kwa sababu meno ya pembeni mara nyingine huchomoza nje zaidi ya upana ulioandikwa. Nimepima kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, na nyuma karibu na ekseli ya pedeli, nikataka ibaki nafasi ya milimita 5 au 6 kila upande. Matope yanahitaji pa kupita, na rimu ikipinda kidogo isikwaruze fremu.

Upepo nacheza kati ya PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) 35 na 45 kwa uzito wangu, nyuma ukizidi mbele kwa kuwa nyuma ndiko kunakobeba mzigo. Ukishuka mno, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu na unapata matundu mawili sambamba.

Kwa hiyo matairi yangu mawili hayatafanana. Mbele naweka lenye meno yaliyosimama, hasa pembeni. Nyuma naweka lenye meno mafupi yaliyobanana katikati, karibu yawe mstari mmoja, na meno ya kweli kwenye mabega tu. Nyuma likiteleza, mara nyingi unaliwahi. Mbele likiteleza, umeshafika chini. Na kwa kuwa uzito mwingi uko nyuma, ndiko wepesi wa kubingiria unakolipa zaidi. Wapo wasiopenda kuona matairi mawili tofauti kwenye baiskeli moja. Mimi napenda kona zangu zaidi.

Kesho nayafunga, mshale wa ubavuni ukielekea mbele. Tyubu nazo nabadilisha: zilizomo ni za tairi jembamba, na zikivutwa kujaza milimita 40 mpira wake unakuwa mwembamba mno kwa njia yenye miiba.