GPS na ramani za boti kwa Ziwa Victoria: anza na ramani, mashine baadaye

Ukiingia dukani kutafuta GPS ya boti, muuzaji ataanza na skrini: inchi saba, inchi tisa, ya kugusa au ya vitufe. Ramani itatajwa mwishoni, kana kwamba ni zawadi ya juu. Kwa Ziwa Victoria ni vyema kwenda kinyume chake. Chatiplota (mashine ya GPS inayoonyesha boti juu ya ramani ya maji) ya bei kubwa isiyo na ramani ya ghuba yako itakuonyesha kialama cha boti juu ya rangi ya buluu tupu, na mwamba ulioko mita mia moja mbele hautauona hadi uugonge.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, kaa kwenye kompyuta. Navionics, ambayo imekuwa mali ya Garmin tangu 2017, na C-MAP zote zinakuruhusu kutazama chati zao kwenye kivinjari bila malipo. Sogeza hadi eneo unalolijua kwa macho: Ghuba ya Speke, njia ya Ukara, Maisome, au upande wa Kenya kati ya Mbita na Mfangano. Kuza hadi mwisho, kisha tafuta miamba unayoijua, uone kama imo. Tazama pia mistari ya kina. Ikiwa michache na inapita laini, mbali na ufuko, jua kwamba hapo pana vipimo vichache vilivyounganishwa kwa kukisia. Chati za kale za ziwa hili zilitokana na kazi ya Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza, aliyelipima mwishoni mwa miaka ya 1890 na mwanzoni mwa miaka ya 1900, enzi za bildi (kipande cha risasi cha kupimia kina) na kamba. Kazi ilikuwa nzuri kwa wakati wake, lakini kati ya bildi moja na inayofuata mwamba unaweza kujificha vizuri sana.

Ipo njia ya haraka ya kujua umri wa chati: tafuta mabadiliko yaliyotokea nchi kavu. Daraja la J.P. Magufuli, linalovuka Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa Juni 2025. Nguzo zake zimo majini. Upande wa Kenya, tuta la Mbita lililoziba njia ya maji kati ya bara na Kisiwa cha Rusinga limeshapasuliwa na kuwekewa daraja, ila ramani nyingi bado zinaonyesha tuta. Ramani iliyopitwa na vitu vikubwa hivyo usiiamini kwa mwamba wa ukubwa wa meza.

Tahadhari kwa wanaoletewa mashine na ndugu walioko Marekani: modeli zinazouzwa kule mara nyingi huja na ramani za maziwa ya Marekani ndani yake. Ni maelfu ya maziwa, na hakuna hata moja utakalolitumia. Mwambie atafute toleo la kimataifa, au achukue la bei nafuu lisilo na ramani, akuachie pesa ya kadi ya ramani. Na usinunue kadi ya ramani iliyonakiliwa. Mara nyingi hukataliwa pindi tu programu ya mashine inaposasishwa, na hakuna wa kumrudia.

Hata ukipata chati nzuri, namba za kina zilizoandikwa humo zinategemea usawa wa maji wa siku ya kupima, na ziwa hili halitulii mahali pamoja. Mei 2020 kipimo cha usawa wa maji cha Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Mwaka 2006 maji yalikuwa yameshuka kwa zaidi ya mita mbili chini ya hapo. Maana yake ni kwamba mwamba uliopita juu yake salama mwaka wa mafuriko unaweza kuwa umechomoza nje mwaka wa ukame. Kinyume chake ni kibaya zaidi: jiwe lililokuwa likionekana, watu wakalitumia kama alama, linafunikwa na nusu mita ya maji na halionekani tena. Ndiyo sababu mashine inayofaa ni ile inayokuruhusu kuandika tofauti ya usawa wa maji na kuchora ramani yako mwenyewe.

Kigezo cha kwanza, basi, kabla ya inchi: je, inaweza kurekodi kina na kuchora mistari papo hapo? Garmin wana Quickdraw Contours, Humminbird wana AutoChart Live, Lowrance na Simrad wana Genesis Live ya C-MAP kwenye baadhi ya modeli. Quickdraw inapatikana hata kwenye Striker Plus na Striker Vivid za Garmin, ambazo hazipokei kadi ya ramani kabisa. Kwa mwenye boti ndogo anayezunguka ghuba moja, Striker ya aina hiyo inatosha, alimradi ajue kwamba haitakuja kupokea ramani ya kununua hata siku moja. Kwa AutoChart Live, kumbuka kwamba kumbukumbu ya ndani ina nafasi ya takriban saa nane tu za kurekodi. Zaidi ya hapo unahitaji kadi maalumu ya Humminbird iitwayo Zero Line. Wengi huligundua hilo siku ya pili wakiwa katikati ya ziwa.

Kurekodi kwenyewe kunataka subira. Weka sona (kipima kina kwa sauti) kwenye maji baridi, si ya chumvi: mwendo wa sauti unatofautiana kwa karibu asilimia 2.5, kosa la mita moja kwenye kina cha mita 40. Pima kwa rula umbali kutoka usawa wa maji hadi uso wa transdusa (kihisi cha sona kinachokaa majini), labda sentimeta 25, uuingize kama nyongeza. Kisha andika tofauti ya usawa wa ziwa: chagua nguzo moja ya gati au jiwe la mwaloni kwako, lipige alama ya rangi, na kila siku ya kurekodi soma maji yako sentimeta ngapi juu au chini ya alama hiyo. Usipofanya hivyo, vipande vya Aprili na vya Oktoba vitakutana kwenye ramani na kuchora ngazi isiyokuwepo. Nenda chini ya kilomita 16 kwa saa, kwani juu ya hapo mapovu hukata usomaji. Kwenye mawe pitisha mistari kila mita 10 hadi 15. Kwenye tope tambarare, mita 50 zinatosha.

Jambo moja la ziwa hili huwachanganya wageni wa sona: mabuu ya wale wadudu wanaopanda hewani kama moshi huonekana kwenye skrini kama tabaka nene katikati ya maji. Mashine ikikamata tabaka hilo badala ya chini, itaandika mita 12 mahali penye 30. Ukiona chini "imepanda" ghafla huku mstari mwekundu mzito bado uko chini zaidi, punguza unyeti au weka kiwango cha kina kwa mkono, na ukifute kipande hicho kwenye rekodi.

Kuhusu masafa ya sona usilipie usichohitaji. Sehemu yenye kina kikubwa kabisa ya Victoria haizidi sana mita 80, hivyo transdusa ya 200 kHz, au CHIRP (sona inayotuma masafa mengi kwa mfululizo) ya masafa ya juu, inatosha. Transdusa nzito ya 50 kHz ni ya Tanganyika, ambako maji yanafika mita 1,470, na ya Nyasa.

Sasa mipangilio, mahali ambapo watu hupotea kwa kosa la kidole. Ikweta inapita ndani ya ziwa, hivyo herufi N na S si pambo. Kisumu ni takriban S 0°06'. Ukiandika N, umekosea kilomita 22. Alama ya Mwanza ikiandikwa N itaangukia nchi kavu, kaskazini mwa Lira nchini Uganda, na hiyo angalau utaishtukia. Kosa dogo ndilo hatari. Mtu anakusomea kwa simu "mbili, thelathini nukta hamsini", yaani S 2°30.50', wewe unaandika dakika 30 na sekunde 50. Tofauti ni theluthi ya dakika, zaidi ya mita 600. Kubalianeni mwalo mzima kutumia muundo mmoja, digrii na dakika zenye desimali tatu.

Halafu mfumo rejea, yaani msingi ambao latitudo na longitudo huhesabiwa kwao. GPS inatumia WGS84. Ramani za serikali za 1:50,000 za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa Arc 1960. Ukichukua majira (latitudo na longitudo) ya mwamba kutoka ramani hizo na kuyaingiza moja kwa moja, alama yako itakaa takriban mita 300 kaskazini ya mahali pake halisi. Nyingi ya chatiplota zinakuruhusu kubadili mfumo kwenye mipangilio ya vipimo: badili kwenda Arc 1960, ingiza alama zote, kisha rudisha WGS84. Usisahau kurudisha.

Kile kipengele cha WAAS au EGNOS (masahihisho ya GPS kwa setilaiti) kinachosifiwa kwenye boksi ni cha Marekani Kaskazini na Ulaya, hapa hakikusaidii. Kizime. Washa badala yake mifumo mingine ya setilaiti ikiwa ipo: Galileo, GLONASS, BeiDou. Usahihi wa mita 3 hadi 5 unapatikana bila shida, na kwa ziwa lenye chati za aina hii GPS yako ni sahihi kuliko ramani iliyo chini yake. Mshale wa boti ukizunguka ovyo mkiwa mmetia nanga, mashine ni nzima: GPS hujua uelekeo kwa kusogea tu. Unayetaka uelekeo ukiwa umesimama, nunua kihisi cha dira au tumia dira ya kawaida, ambayo inapaswa kuwemo hata hivyo.

Ufungaji nitaupitia kwa ufupi isipokuwa sehemu mbili. Transdusa ya nyuma ya boti ikae angalau sentimeta 38 kutoka kwenye propela, upande ambao makali yanashuka majini. Kwa propela inayozunguka kisaa ukiitazama kutoka nyuma, huo ni upande wa kulia. Isiwe nyuma ya ubao unaochomoza au msumari, kwa kuwa hapo maji hupita na mapovu. Ile ya kubandika ndani ya boti hufanya kazi kupitia faiba isiyo na povu katikati. Kupitia mbao haifanyi kazi, hata mbao ziwe nyembamba kiasi gani.

Umeme ndio huwaangusha wengi. Injini nyingi za mkono za mialoni hazina betri, kwa hiyo unaleta yako. Skrini ya inchi saba yenye sona hula ampea 1 hadi 1.5. Saa nane ni hadi Ah (ampea-saa) 12. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, hivyo nunua ya Ah 26. Ya lithiamu fosfeti ya Ah 16 au 20 itafanya kazi ileile kwa uzito mdogo zaidi. Paneli ya wati 50 hurudisha kiasi hicho kwa siku ya jua zuri. Tumia waya wa milimita mraba 2.5 uliopakwa bati, na fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kijitabu, karibu na betri na si karibu na mashine. Kama boti ina stata ya umeme, usiunganishe chatiplota kwenye betri hiyohiyo: kila ukiwasha injini volti zitaanguka na mashine itazima, na ikizima katikati ya kurekodi unaweza kupoteza kipande.

Simu au tableti iwe ya akiba. OpenCPN ni programu ya bure ya kompyuta, na ya Android ipo pia. Inasoma faili za MBTiles (ramani zilizohifadhiwa kama picha), hivyo unaweza kuiwekea picha za setilaiti za eneo lako. Kwa kutafuta mawe ya juu juu karibu na visiwa, picha iliyopigwa siku maji yametulia mara nyingi inashinda chati ya kununua. Mwambao wa mafunjo na gugumaji usiuamini kwenye ramani yoyote, kwani unahama na upepo. Nyavu nazo hazimo kwenye chati yoyote.

Mstari wa mpaka unaoonekana kwenye ramani za mashine nao ni wa kukadiria. Ndani ya ziwa, mpaka wa Tanzania na jirani zake wa kaskazini unafuata latitudo 1° kusini. Weka alama mbili, S 1°00.000' upande wa magharibi na mashariki wa eneo lako, uziunganishe kuwa njia, na uweke kengele ya nusu kilomita: mita 300 za Arc 1960 zimo humo, na askari wa doria anaweza kuwa anasoma mashine iliyopangwa tofauti na yako.

Kila mwisho wa mwezi toa alama na njia zako kwenye kadi ya microSD, na pale mashine inaporuhusu chagua muundo wa GPX, kwa kuwa husomwa na mashine za kampuni nyingine pia. Ramani za Quickdraw na AutoChart hazihami kati ya kampuni namna hiyo. Ukidhani utabadilisha mashine siku moja, rekodi pia faili ghafi za sona za Lowrance au Humminbird. Programu ya ReefMaster inaweza kuzichora upya.