Dakika mbili angani

Jamani, leo nimepanda ndege ya shirika la Loganair kutoka Westray hadi Papa Westray, visiwa vya Orkney, Uskoti. Kindege cha Islander, injini mbili, rubani peke yake. Nilikaa nyuma yake kabisa, namwona akisukuma vishikio vya injini, na hatujapaa vizuri tayari tunashuka! Ni kilomita 2.7 tu, chini ya dakika mbili.

Loganair ilianza 1962 ndani ya kampuni ya ujenzi, na ndege moja ndogo, Piper Aztec. Safari hii ya visiwani ipo tangu 1967. Msidhani ni ya watalii peke yao: walimu na wagonjwa wanaitegemea. Shirika linalohudumia kisiwa chenye watu wasiofika mia mbili nalipa heshima zangu zote.