Nim: kokoto kumi na mbili na hatua moja inayoshinda

Mchezaji mgeni wa Nim hukimbilia fungu kubwa, na hapo ndipo anapoanza kupoteza. Panga kokoto katika mafungu matatu: 3, 4 na 5. Kila mtu kwa zamu yake anachagua fungu moja na kuondoa humo kokoto kadiri apendavyo, ilimradi isipungue moja. Atakayeondoa kokoto ya mwisho ameshinda. Anayeanza ana njia 12 za kucheza, na inayompa ushindi ni moja tu: kuondoa kokoto 2 katika fungu la 3, lile dogo kuliko yote.

Ili kuona sababu, fikiria kwanza mafungu mawili yaliyo sawa, tuseme 4 na 4. Mwenye zamu hana pa kutokea. Akiondoa 3 huku, mwenzake anaondoa 3 kule, na mchezo unakwisha mikononi mwa yule anayefuatiza. Kwenye mafungu matatu au zaidi usawa huo upo vilevile, ila umejificha.

Kuufichua, vunja kila fungu katika vipande vya 8, 4, 2 na 1, ukianza na kikubwa kinachoingia, na kipande cha aina moja kisijirudie ndani ya fungu. Basi 3 ni 2+1, 4 ni 4 yenyewe, 5 ni 4+1. Linganisha: 4 ziko mbili, 1 ziko mbili, lakini 2 haina mwenzake. Iondoe, yabaki 1, 4 na 5. Sasa kila kipande kina jozi, na mpinzani hawezi kucheza bila kuvunja jozi fulani.

Wengi huelewa mpaka hapa, kisha huteleza kwenye hatua inayofuata. Mpinzani amepunguza 5 kuwa 2, mezani kuna 1, 4 na 2. Vipande vyote vitatu ni vya peke yake. Mtu anaona 4 haina jozi, anaizoa yote, na anabakiza 1 na 2. Mpinzani anaondoa moja kwenye 2, yanabaki 1 na 1, basi tena. Kanuni haisemi uondoe kipande kisicho na jozi. Inasema utafute kipande kikubwa kisicho na jozi, uchukue fungu lenye kipande hicho, ulipunguze mpaka liwe na vipande vinavyokamilisha jozi za mengine. Mengine yana 1 na 2, kwa hiyo fungu la 4 liwe 3. Unaondoa kokoto moja tu.

Mpangilio wa 1, 3, 5, 7 nao unapendwa sana. Vunja uone: 1 ziko nne, 2 ziko mbili, 4 ziko mbili. Kila kitu kina jozi kabla mtu hajagusa kokoto, kwa hiyo mwachie mwenzako aanze.

Kuna wanaocheza kinyume, anayechukua ya mwisho ndiye anayeshindwa. Usibadili chochote mpaka ufikie hatua ambayo ukicheza kama kawaida yatabaki mafungu ya kokoto moja moja tu. Hapo yaache yawe idadi witiri badala ya shufwa. Kwa 1 na 2, zoa zile 2 zote.

Charles Bouton wa Chuo Kikuu cha Harvard ndiye aliyethibitisha haya yote mwaka 1901, na jina Nim alilipa yeye.

Kwenye fungu moja lenye kikomo cha kuondoa 1 hadi 3, hesabu ni nyepesi: mwachie mpinzani 4, 8, 12, 16 au 20. Tatizo huja kanuni ikibadilika kidogo na mtu akang'ang'ania 4 zake. Tuseme inaruhusiwa kuondoa 1, 3 au 4 pekee. Anza kuhesabu kutoka mwisho: 0 ni mbaya kwa mwenye zamu. Namba yoyote inayoweza kufika kwenye mbaya ni nzuri; isiyoweza ni mbaya. Utapata 0, 2, 7, 9, 14, 16, yaani namba ambazo zikigawanywa kwa 7 hubakiza 0 au 2. Mwenye kokoto 8 anayekumbuka kanuni ya zamani ataondoa 4, naye mpinzani atazoa 4 zilizobaki kwa mkupuo mmoja.