Mzigo uliorudishwa: andika sababu kabla ya bei

Blenda ikishatoka dukani na kurudi, si mpya tena, hata kama haijasaga nyanya hata moja. Ukiiweka kwenye tovuti ya matangazo ya Jiji au kwenye Marketplace ya Facebook kama mpya, halafu mnunuzi wa Mbagala akakuta gundi ya boksi imebanduliwa, umepoteza mteja na nauli ya boda kwenda na kurudi. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Facebook wana daraja la "imetumika, kama mpya", chagua hilo.

Kinachouza mzigo wa namna hii ni sababu ya kurudishwa. Mtu akiona bei pungufu anajiuliza swali moja: ina nini? Usipomjibu kwenye tangazo atajijibu mwenyewe, na jibu lake huwa baya kuliko ukweli. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuijua hiyo sababu kwa kupima, maana maneno ya aliyerudisha hayatoshi.

Kwa blenda, jaza maji nusu jagi, washa spidi ndogo kisha kubwa, dakika moja moja. Zima, weka jagi juu ya tishu. Ikilowa, mpira wa kwenye kisu umekaa upande au umekatika. Ni kitu cha bei ndogo Kariakoo, ila hakikisha kipenyo chake ni kilekile. Mota ikiunguruma na kisu hakizunguki, tazama meno yanayoshika jagi, huenda yamelika. Harufu kidogo ya mota mpya siku ya kwanza ni kawaida, na wapo wanaorudisha kwa hilo tu. Moshi si kawaida. Hiyo mpe fundi, na usiitangaze kabla hajaifungua.

Mtaji huungulia hasa kwenye mzigo uliorudishwa Marekani ukaja hapa kwa kontena. Soma lebo ya nyuma kabla ya kuchomeka chochote. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina neno, itafutie plagi tu. Iliyoandikwa 120V peke yake, ukiipa umeme wetu wa 230V, inaungua. Pasi au birika litavuta nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa, na kuungua kwake ni suala la muda mfupi. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, lakini kwa blenda ya wati 1000 usichukue iliyo chini ya wati 1500, na bei yake itakula faida. Kumbuka pia kwamba transfoma haibadilishi hezi 60 za Marekani (marudio ya umeme kwa sekunde) kuwa 50 zetu. Blenda yenye mota ya brashi haijali. Maikrowevu na friji zinajali. Mzigo wa Uingereza hauna shida hiyo, hata plagi ni ileile ya pini tatu bapa.

Simu ni fupi kueleza. Bonyeza *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 kuona kama simu ni halali. Akaunti ya Google au iCloud itolewe na mwenyewe kabla simu haijafutwa. Ukifuta kwanza, simu itaomba nywila ya mtu ambaye huenda hapokei tena simu yako.

Tangazo lenyewe liwe hivi: "Blenda, lita 1.5, 230V. Boksi limefunguliwa. Ilirudishwa kwa sababu jagi lilivuja; tumebadilisha mpira na kupima. Ina mkwaruzo kwenye kitako, tazama picha ya 4. Haina kikombe cha kusagia viungo." Picha ya mkwaruzo iweke na sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane. Picha ya lebo ni lazima. Video fupi ikiwaka, bila muziki, maana mnunuzi anataka kusikia mota.

Bei ya juu kabisa ni ile ya mpya Kariakoo wiki hiyo. Boksi lililofunguliwa tu, mimi ningepunguza asilimia 10 hadi 15. Iliyotumika au kutengenezwa, 25 hadi 30. Acha nafasi ya maelewano, kwa sababu hata ukiandika "bei haipungui" watauliza mwisho ngapi.

Kwenye malipo, usiamini ujumbe wa muamala anaokuonyesha mteja, hata ulioingia kwenye simu yako. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako uone salio ndipo boda aachie mzigo. Wa mkoani akilipa, mpelekee kupitia basi la stendi ya Magufuli, Mbezi Luis: jagi la kioo litoke kwenye mota, lijazwe vitambaa ndani, lifungwe peke yake. Risiti ya mzigo ipige picha umtumie pamoja na namba ya basi.