Nakala ya hukumu na siku 45

Mimi ni msaidizi wa kisheria wilayani Mbulu, Tanzania. Sisi hatusimami mahakamani kama mawakili. Tunakaa na watu, tunawasomea karatasi zao na kuwaeleza pa kwenda. Mashauri mengi ni ya ardhi: mpaka uliosogezwa, shamba lililouzwa na kaka mtu, mjane aliyefukuzwa kabla arobaini haijaisha.

Kuna mama mmoja ambaye shauri lake halinitoki moyoni. Lilisikilizwa kabla ya mwaka 2021. Mashahidi walisema Kiswahili, wazee wa baraza la ardhi wakatoa maoni kwa Kiswahili, lakini hukumu ikaandikwa Kiingereza, kama sheria ya wakati huo ilivyotaka. Mama alijua ameshindwa. Sababu hakuijua. Alizunguka na nakala yake hadi kwa mwalimu wa sekondari, naye akamwambia kwa uaminifu kwamba Kiingereza hicho si kile anachofundisha. Huku nyuma siku 45 za kukata rufaa zilikuwa zinahesabika.

Ilipotufikia, tulikuta sababu yenyewe ni fupi. Alikuwa amedai shamba la marehemu mumewe bila kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Hakuna aliyesema shamba si lao! Angeelezwa hivyo kwa lugha yake, angekwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, kisha akaanza upya. Lakini muda wa rufaa ulikwisha, na shemeji yake alikuwa ameshaomba hukumu ikazwe, yaani itekelezwe.

Februari 2021 Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani kwa sababu aliandika uamuzi kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma. Mwezi huohuo Bunge likapitisha mabadiliko ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi mno siku ile. Mabadiliko hayo yameacha mlango wa kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji. Naomba mlango huo usigeuzwe njia kuu.

Hata Kiswahili chenyewe kinaweza kuwa kigumu. Mzee wa huku anayefikiri na kuota kwa Kiiraqw hafaidiki na "pingamizi la awali limekubaliwa". Ningependa ukurasa wa kwanza wa kila hukumu useme kwa maneno mepesi: nani ameshinda, kwa nini, aliyeshindwa anaweza kufanya nini, mwisho tarehe ngapi.

Na mkalimani asiokotwe koridoni. Katika jinai sheria inataka ushahidi utafsiriwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Kwenye ardhi nako bibi asiyejua Kiswahili anahitaji hivyohivyo, tena mtu asiye na upande. Vijiji vyetu vimeoana. Anayejitolea kutafsiri huenda ni mkwe wa mpinzani, na akipunguza sentensi moja tu bibi hatajua, hakimu hatajua. Kiziwi anayetumia lugha ya alama ana hali ngumu zaidi, maana huyo hata wa koridoni hampati.

Kama una hukumu ya ardhi mkononi na huielewi, usiiweke kabatini ukisubiri mwanao arudi kutoka chuo. Itafutie msomaji leo, na swali lako la kwanza liwe mwisho wa kukata rufaa ni lini.