Jike Niliyemwita Mvivu

Mimi ndiye niliyemwambia mkufunzi kwamba yule farasi jike wa kahawia ni mvivu. Nilikuwa saisi mgeni, na wageni hupenda kuonekana wanajua.

Alikuwa na miaka 2. Kwenye mazoezi alichomoka kama mshale, halafu mita 300 kabla ya mwisho anakatika ghafla, kana kwamba amefungiwa mlango usoni. Mpandaji alimchapa, wapi! Akirudi kwangu humeza mara mbili tatu, na papo hapo yuko mzima. Kule kumeza nilikuona kila siku, sikukutilia maanani. Mpandaji naye alisema anasikia mkoromo, kama sufuria inayotokota. Tukamwambia ni upepo.

Daktari akaja, akampitisha kamera puani akiwa amesimama. Alikawia kwenye zoloto, lile lango la hewa kooni, hasa upande wa kushoto: neva ya upande huo ni ndefu mno, hushuka hadi kifuani, huzunguka mshipa mkuu wa damu, ndipo hupanda tena kooni, na mara nyingi ndiyo inayodhoofika. Zoloto likafunguka vizuri pande zote. Kulikuwa na vipele tu kwenye koo, jambo la kawaida kwa farasi wa umri ule. Nikajiona mshindi.

Daktari hakuridhika. Alirudi na kamera nyingine, ya kufungwa kichwani farasi akimbie nayo, nasi tukakodolea macho kioo kidogo. Farasi hapumui kwa mdomo. Hewa yote ni ya puani, na akipiga shoti, kila ruko ni pumzi moja. Mbio zilipokolea, kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya paa la kinywa, likachomoka chini ya kidakatonge, kile kifuniko cha zoloto, likakaa juu yake na kupepea kama pazia mbele ya njia ya hewa. Jike akapunguza mwendo. Akameza. Kaakaa likarudi mahali pake.

Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa nakumbuka fimbo.

Mkufunzi alitaka apasuliwe mara moja, zoloto livutwe mbele kwa nyuzi. Daktari akakataa: bado mchanga, misuli ya koo haijakomaa, wengi hutengemaa wakishapata nguvu. Apumzishwe, ajengwe polepole, na siku za mbio kali afungwe ulimi. Ikishindikana, kisu kipo.

Kazi ya kumfunga ulimi nikapewa mimi. Unauvuta taratibu, unauzungushia kitambaa laini, unakifunga chini ya taya. Ukikaza mno unaumiza, ukilegeza unachomoka. Alinitafuna kidole gumba wiki nzima. Nilimwacha anitafune.

Miezi ikapita, mkoromo ukapungua. Siku alipomaliza mita 1,200 bila kukatika alikuwa wa nne, na sidhani kuna mtu mwingine aliyeishangilia nafasi ile. Nilimfungua ulimi kabla mpandaji hajashuka.